Jioni tatu gerezani: kwa nini Monte Cristo ni hadithi ya runinga, si ya sinema

Mtoto wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Uzi huu ni mrefu na ndani yake nataja miisho ya hadithi. Kama hujasoma wala hujatazama na unataka kukutana nayo mwenyewe, rudi nyuma sasa hivi, sitakulaumu.

Enzi za mgao mkali wa umeme, sisi watoto wa mtaani kwetu Tanga tulikuwa tukikusanyika barazani kwa baba mdogo. Alifanya kazi melini miaka mingi, akarudi na sanduku la bati lenye vitabu vya Kiingereza vilivyovimba kwa unyevu wa bahari. Kinene kuliko vyote kilikuwa kisa cha Monte Cristo cha Alexandre Dumas. Hakuwa akitusomea. Alisoma peke yake mchana, jioni akakaa kwenye mkeka na kutusimulia kwa Kiswahili chetu. Edmond Dantès kwake alikuwa "Edimondi", baharia mwenzake, kijana wa miaka 19 anayekaribia kupewa unahodha wa meli ya Pharaon, karamu ya uchumba iko mezani, askari wako mlangoni.

Jioni ya kwanza Edimondi akakamatwa. Kisha baba mdogo akakaa gerezani jioni tatu. Jioni tatu nzima hakuna upanga, hakuna farasi, hakuna hazina. Kuna ukuta, mtungi wa maji, na sauti ya mtu anayekwangua upande wa pili. Tukalalamika. Akatujibu: "Mwenzenu kakaa miaka 14. Nyie jioni tatu mnachoka?" Jioni iliyofuata mzee Faria akafa, Edimondi akajiingiza kwenye gunia la maiti, walinzi wakamfunga risasi ya mzinga ya ratili 36 miguuni, wakambembeza mara moja, mara mbili, wakamwachia. Kumbe Château d'If, gereza lile la kisiwani, haina makaburi; makaburi yake ni bahari. Hapo baba mdogo akazima kibatari. "Kalaleni."

Sikulala. Na tangu siku hiyo kila ninapotazama Monte Cristo kwenye kioo nahesabu jambo moja kwanza: huyu mtu amekaa jela dakika ngapi?

Sinema nyingi zinamtoa kabla hujamaliza bisi. Siwalaumu sana, wana saa mbili tu. Ila hadithi hii haikuzaliwa iwe ya saa mbili. Dumas aliiandikia gazeti, Journal des Débats la Paris, na wasomaji wakaipata kipande kwa kipande kuanzia Agosti 1844 hadi Januari 1846, kwenye sehemu ya chini ya ukurasa, kama zilivyokuwa hadithi za magazeti yetu zinazoishia na neno "itaendelea". Sura 117. Mwaka huohuo wa 1844, kati ya Machi na Julai, alikuwa ameshachapisha kisa cha D'Artagnan na wenzake watatu katika gazeti jingine, Le Siècle. Pembeni yake alikuwapo Auguste Maquet, mwenzake wa kazi, aliyemsaidia kupanga visa. Ukitazama vizuri hiyo ni karakana ya waandishi wa sizoni, imetangulia tu miaka mia na zaidi. Stevenson naye alitoa kisa chake cha kisiwa cha hazina kwenye gazeti la watoto kati ya Oktoba 1881 na Januari 1882. Jules Verne na ile safari ya siku 80, gazeti la Le Temps, 1872. Wote walikuwa wakiandika kwa watu wanaongoja.

Nyinyi mnaofuata simulizi humu jukwaani, mnaomwandikia mwandishi "mkuu tupia kingine, tumekaa hapa", mnajua kungoja kunavyofanya kazi. Mhusika anapokaa na wewe wiki tano, ukimwona anapita unamjua kwa kikohozi.

Kwa hiyo nasema: runinga ndiyo nyumba halali ya vitabu hivi. Tatizo ni kwamba wengi waliopewa nyumba hiyo wanaishi sebuleni tu, vyumba vingine hawafungui.

Nina vipimo viwili. Cha kwanza ni hicho cha jela. Cha pili ni mtoto anayeitwa Édouard.

Kwa wasiomkumbuka: Villefort, yule mwendesha mashtaka aliyemfunga Dantès akijua hana hatia, ana mtoto mdogo wa kiume kwa mke wake wa pili. Mama huyo ni mtoa sumu. Kisasi cha Monte Cristo (ndilo jina jipya la Dantès akishatoroka na kutajirika) kinapomfika, mama anajiua na kumuua mtoto. Villefort anamshika Monte Cristo mkono, anampeleka kwenye miili, anamwonyesha: je, umelipa kisasi chako sawasawa? Kisha anarukwa na akili, anachimba bustani. Na steringi wetu, aliyekuwa akijiona mkono wa Mungu duniani, anabadilika rangi. Hapo ndipo anaanza kujiuliza nani alimpa ruhusa. Baba mdogo alipofika hapo hakutusimulia kwa sauti yake ya kawaida. Toa Édouard, utabaki na tajiri mwenye mbinu nzuri.

Sasa twende kwenye kazi zenyewe.

BBC walifanya mwaka 1964, vipande 12 vya nusu saa hivi, Alan Badel ndiye Dantès. Picha nyeusi na nyeupe, na kuta za studio zinajulikana ni za studio. Nawasihi msiikimbie. Badel ana macho ya mtu aliyehesabu mawe ya ukuta mmoja kwa miaka. Anaingia kwenye karamu za Paris hali, hanywi, anatazama tu, na unaogopa. Waitaliano wa RAI nao walitoa yao mwaka 1966, Andrea Giordana, vipande 8. Wafaransa wakamleta Jacques Weber mwaka 1979 chini ya mwongozaji Denys de La Patellière. Jina la mwongozaji huyo liwekeni akilini, nitalirudia.

Halafu 1998 ikaja ile kubwa ya TF1, kituo cha Ufaransa, vipande 4 vya zaidi ya saa moja na nusu kila kimoja, Gérard Depardieu, mwongozaji Josée Dayan. Hii ndiyo watu wengi wameiona. Ina raha zake: Jean Rochefort akiwa Fernand, msaliti aliyemwoa mchumba wa Dantès, ni somo la uigizaji, anabeba aibu ya maisha yake yote kwenye mabega. Dantès kijana anachezwa na Guillaume, mtoto wa Depardieu mwenyewe, jambo linaloleta mfanano wa kweli wa sura. Lakini Depardieu ni mtu wa miraba minne, mwenye afya, mwenye uchangamfu. Mtu wa Dumas alitoka kaburini: ngozi nyeupe kama nta, mkono baridi, watu wa Paris wanamwita mzuka. Huyu wa 1998 anaonekana katoka likizo. Na mwisho wake unaniuma mpaka leo: wakamrudishia Mercédès, yule mchumba wake. Wanakutana ufukweni, bahari inang'aa, basi. Dumas aliwanyima hilo kwa makusudi. Mercédès anabaki Marseille katika nyumba ndogo ya baba yake Dantès, mtoto wake Albert amekwenda kuwa askari Afrika, na Edmond anaondoka. Miaka iliyoibwa hairudi hata ukiwa na hazina nzima ya kisiwa. Ukiwarudisha pamoja umesema kwamba jela ilikuwa ucheleweshaji tu.

Nitaendelea na Wajapani baada ya kula.

Msoma Usiku

Mkuu, uzi mtamu. Ila umeionea sinema. Ile ya Wafaransa ya 2024 ya Pierre Niney nimeiangalia mara mbili. Dakika 178 hazikunichosha. Na jela imo.

Mtoto wa Chumbageni

Ndugu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Ni nzuri, na watu zaidi ya milioni 9 walikata tiketi huko Ufaransa, kwa hiyo hatuko peke yetu. Lakini tazama walichokifanya ili kupata hizo dakika 178: imebidi waunganishe watu, wafute watu, wapindishe visa viwili kuwa kimoja. Wamefanya kwa ustadi, na bado ni kufuta.

Na lile jina nililosema mliweke: mmoja wa waongozaji wawili wa sinema hiyo ni Alexandre de La Patellière. Baba yake ni Denys, aliyeongoza ile ya runinga ya 1979. Baba na mtoto, kitabu kimoja, miaka 45 katikati.

Mwaka huohuo wa 2024 ikatoka na sizoni ya vipande 8, mwongozaji Bille August wa Denmark, Sam Claflin akiwa Dantès na Jeremy Irons akiwa Faria. Kwa kipimo changu cha kwanza hii inafaulu. Irons anapewa nafasi ya kupumua. Anafundisha lugha, hesabu, historia, na muhimu kuliko yote anamfundisha Dantès kufikiri: nani alifaidika wewe ulipoondoka? Dantès mwenyewe hakuwa amejiuliza. Baharia mwema, hakuwazia ubaya. Faria anamfungua macho, halafu anajuta papo hapo, kwa sababu anaona ametia kisasi katika moyo ambao haukuwa nacho. Sura ile ikichezwa haraka inakuwa ya upelelezi. Ikichezwa polepole unaona mzee mmoja akimpenda kijana na kumuumiza kwa pendo hilohilo.

Kasoro yake kwangu ni usafi. Kila kitu kinang'aa, mashati yamepigwa pasi hata Marseille bandarini. Ila nitaitazama tena.

Wajapani sasa. Mwaka 2004 studio ya Gonzo, mwongozaji Mahiro Maeda, walitoa katuni ya vipande 24 iitwayo Gankutsuou. Wameipeleka mwaka 5053. Hadithi inaanza kwenye karamu ya Mwezini. Nguo za wahusika zimejazwa maua na michoro isiyotikisika mtu anapotembea, macho yanauma mwanzoni. Nilitaka kuzima. Ndugu zangu, nusura nikose kazi iliyoielewa hadithi kuliko nyingi nilizotaja.

Kwa sababu wamemfanya Albert kuwa macho yetu. Mtoto wa adui. Kijana asiyejua lolote, anampenda huyu mgeni tajiri kama watoto wanavyompenda mjomba aliyetoka ng'ambo na zawadi, na sisi tunajua kwamba anapelekwa machinjoni. Kisasi unakiona kutoka upande wa anayelipishwa deni la baba yake. Inafika siku ya kupigana, rafiki yake Franz anaingia uwanjani badala yake bila kumwambia, anakufa. Nililia, nasema wazi. Kile kifo cha Franz ndicho Édouard wao. Wamehamisha kitu kwenda mwili mwingine, karne nyingine, uzito wake umebaki uleule. Ndiyo maana sipimi kazi hizi kwa kuuliza "je, wamefuata kitabu?" Nauliza kama wamelipa bei ya kitabu.

Binti wa Mbali

Kaka, mimi niko Muscat, nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo. Hujaitaja Ezel. Huku niliiona kwa sauti za Kiarabu, nyumba nzima tulikuwa tunakaa. Ni Monte Cristo mtupu.

Mtoto wa Chumbageni

Dada yangu, umenigusa. Ezel ya Waturuki, 2009 hadi 2011, vipande 71, na kipande cha Kituruki si dakika 40 hizi, ni urefu wa sinema. Jina la Dumas halikuhitajika kuandikwa, kila mtu aliona. Ömer anasingiziwa na marafiki zake, anaingia jela, anatoka na sura mpya na jina jipya.

Ila wamebadilisha vitu viwili, na vyote viwili nawavulia kofia. Kwanza, Eyşan, mpenzi wake, ni mmoja wa waliomsaliti. Mercédès wa Dumas hakujua, alingoja, alikata tamaa, akaolewa. Eyşan alijua. Sasa yule kijana anarudi kulipa kisasi kwa mtu anayempenda, na huwezi kumwambia "muache" wala "mmalize". Pili, mzee wa gerezani hafi gerezani. Ramiz, aliyechezwa na marehemu Tuncel Kurtiz, anatoka naye nje. Mwanzoni nilidhani ni kosa, kwa sababu kifo cha Faria ndicho kinachofungua gunia. Halafu nikaona walichokipata: mwalimu anayebaki hai anaendelea kudai. Tamthilia hizi zinapotiwa sauti za Kiswahili na mama zetu wakazifuata jioni baada ya futari, tusiwacheke wanapomjadili mhusika kama jirani. Ndivyo wasomaji wa 1845 walivyomsoma Dantès.

Wamarekani nao walifanya Revenge, 2011 hadi 2015, vipande 89, msichana badala ya mvulana. Msimu wa kwanza umefungwa vizuri kama fundo la baharia. Baada ya hapo unahisi hawajui inakwenda wapi. Dumas aliweza kurefusha, na alirefusha, lakini shoka lilikuwa limeshainuliwa tangu sura za mwanzo na ulijua litashuka wapi. Sizoni inayosubiri kuambiwa kama itapewa mwaka mwingine haiwezi kuinua shoka.

Na ipo moja ambayo natamani ingejulikana zaidi kwetu. Argentina, 2006, kituo cha Telefe, tamthilia ya kila siku iliyoitwa Montecristo, Pablo Echarri na Paola Krum. Kijana anasalitiwa na rafiki yake, anafungwa Morocco, anarudi miaka 10 baadaye. Hadi hapo ni Dumas. Lakini familia zilizomsaliti zina siri ya zama za utawala wa kijeshi, 1976 hadi 1983, watu walipochukuliwa usiku wasionekane tena na watoto wao wachanga wakagawiwa kwa wengine. Mwanamke anayempenda anagundua kwamba waliomlea si wazazi wake. Wa kwake walipotezwa. Huko Buenos Aires wapo wale bibi wa Plaza de Mayo ambao wametafuta wajukuu wao wa namna hiyo kwa miongo. Fikirieni: nchi nzima imekaa saa za jioni inatazama kisa cha Mfaransa wa 1844, na kinachosimuliwa ni majeraha yao wenyewe. Hakuna farasi hata mmoja. Kipimo cha jela kimepita na cha Édouard kimepita.

Mwalimu wa Magharibi

Salamu kutoka Kenya. Bwana Chumbageni, umetufurahisha. Mimi nililelewa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson, kile kitabu cha 1929. Babangu alikuwa nacho bila jalada. Umbopa alikuwa shujaa wetu, tulipocheza kila mtoto alitaka kuwa Umbopa, hakuna aliyetaka kuwa Quatermain, yule mwindaji wa Kizungu. Je, runinga imewahi kumtendea haki?

Mtoto wa Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Johnson huyohuyo ndiye aliyetupa na Kisiwa Chenye Hazina mwaka uleule, kwa hiyo vitabu viwili vinavyohusiana kwa damu viliingia Kiswahili pamoja. Nasema kwa damu kwa sababu Haggard aliandika Mashimo, kilichotoka 1885, baada ya kubishana na kaka yake kwa shilingi tano kama anaweza kuandika kitu kinachokaribia kile cha Stevenson.

Kuhusu runinga: ipo ile ya 2004, Patrick Swayze akiwa Quatermain. Wamemwongezea mwanamke wa Kizungu na Warusi wa kuwakimbiza, mambo ambayo hayamo. Jambo moja limenishika. Umbopa amechezwa na Sidede Onyulo, wa kwenu Kenya, marehemu sasa. Onyulo ana uwezo wa kusimama tu na kuonekana mfalme kabla hajasema jina lake. Na ndilo fumbo lote la Umbopa: amejiajiri kama mtumishi, anatembea nyuma, na ni Ignosi, mwenye nchi. Ni Monte Cristo mwingine, ukitaka. Mtu aliyenyang'anywa haki yake utotoni anarudi na jina jingine. Lakini kamera inamfuata Quatermain na penzi lake, na safari ya kiti cha enzi inakuwa kisa cha pembeni. Wangekuwa na ujasiri wa Gankutsuou, wangehamisha macho. Vipande 8 kutoka kwa Umbopa. Natamani mtu aifanye, na aifanye kwa lugha za huko.

Kwa faida ya wengine: kitabu cha Haggard kinachoendeleza Mashimo, Allan Quatermain, kinaanzia Lamu na kupanda Mto Tana. Na cha kwanza cha safari za Verne, kile cha puto cha 1863, kinapaa kutoka Zanzibar. Hawa watu walikuwa wakizunguka pwani yetu kwenye ramani.

Nahodha wa Jahazi

Black Sails hamjaitaja wakuu.

Mtoto wa Chumbageni

Nahodha, ni kweli. Misimu 4, vipande 38, 2014 hadi 2017, ilipigwa Cape Town. Hiyo ni hadithi ya kabla ya Kisiwa Chenye Hazina: maharamia Flint na Silver wakiwa bado vijana. Msimu wa kwanza ni mzito, vumilia. Kilichonifurahisha ni mstari mmoja wa Stevenson. Kitabuni tunaambiwa kwa kupita tu kwamba Silver ana mke mweusi na kwamba mke ndiye mtunza fedha. Sizoni hii imeuchukua mstari huo ikamzaa Madi, binti wa malkia wa watumwa waliotoroka, na mwisho wa hadithi nzima unamzunguka yeye. Hapo ndipo runinga inapofanya kazi ambayo mwandishi hakuwa na nafasi, au hamu, ya kuifanya.

Mjukuu wa Bi Mkubwa

Mimi nina swali zito kidogo. Nimesoma kitabu. Monte Cristo ana mtumwa, Ali, Mnubi, bubu. Anasimulia mwenyewe kwamba Bey wa Tunis alikuwa amemhukumu kukatwa ulimi, kisha mkono, kisha kichwa, naye akangoja mpaka ulimi ukatwe ndipo akamnunua, kwa sababu siku zote alitaka mtumishi bubu. Niliweka kitabu chini. Kaka, wewe unampenda Dumas, unakaaje na hilo?

Mtoto wa Chumbageni

Dada, au kaka, asante kwa kulileta. Nakaa nalo vibaya. Baba mdogo aliliruka. Nilipokuja kusoma mwenyewe ukubwani nikakuta ameliruka, na nikaelewa kwa nini.

Lisemwe lote. Baba yake Dumas, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, na mama mtumwa aliyeitwa Marie-Cessette. Akapanda cheo mpaka jenerali wa jeshi la Ufaransa. Akirudi kutoka Misri mwaka 1799 akakamatwa kusini mwa Italia, akafungwa ngomeni miaka miwili, akatoka afya imeharibika. Akafa 1806, mwanawe hajatimiza miaka minne. Kwa hiyo yule mtu anayeoza gerezani bila hatia, wakati waliomjua wanaendelea na karamu, Dumas hakumtoa hewani. Na mtu huyohuyo, mjukuu wa mtumwa, akaandika hayo ya Ali, kwa wepesi, kama pambo la Kimashariki. Yote mawili ni kweli na sijapata njia ya kuyafanya yawe jambo moja.

Ndiyo maana nataka tamthilia ambayo itamgeukia Ali. Toleo la 1998 lilimpa Bertuccio nafasi kubwa ya mtumishi wa karibu, ni njia ya kukwepa. Ningependa mtu asikwepe. Sura moja tu: Ali peke yake usiku katika ile nyumba ya Champs-Élysées, bwana amelala, na sisi tunabaki naye. Anayajua yote. Anajua sumu, barua, majina bandia. Ni shahidi pekee wa kila kitu na ameondolewa ulimi. Mwandishi wa runinga mwenye njaa angekuwa ameshaamka.

Msoma Usiku

Mkuu, umenimaliza. Basi tuambie, ukipewa hela leo utengeneze moja, utengeneze ipi? Monte Cristo tena?

Mtoto wa Chumbageni

Hapana ndugu yangu. Ningetengeneza Georges.

Ni riwaya ya Dumas ya 1843, mwaka mmoja kabla ya Monte Cristo, na iko bahari yetu. Mauritius, enzi ikiitwa Île de France. Georges Munier ni mtoto wa chotara tajiri, tajiri sana, ambaye hata hivyo anainamisha kichwa mbele ya Mzungu yeyote. Mwaka 1810 Waingereza wanashambulia kisiwa, watu weupe wanakataa kupigana safu moja na baba yake, na mtoto anaona. Anapelekwa Ufaransa. Anajifunza upanga, bastola, na kujizuia. Anarudi baada ya miaka 14. Ndiyo, 14, sawasawa na Dantès. Hakuna anayemtambua.

Nikisoma naona vipande 10 vimejipanga. Na waliomo mashambani kule tunawajua. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka. Walikokuwa wakipelekwa ni visiwa hivyo. Watu wa bara letu, wa Msumbiji, wanaolima miwa nyuma ya kisa cha Georges, wana kwao, na kwao ni huku.

Kuna pahala ningemkatalia Dumas. Watumwa wanapoasi, gavana anaweka mapipa ya araki barabarani, waasi wanakunywa, uasi unaisha. Aibu hiyo nisingeipiga picha hivyo. Ningefuata wale ambao hawakunywa.

Na ningeanza na Laïza, kiongozi wa uasi. Dumas anasema anatoka Anjouan, yaani Nzwani, hapo Komoro. Ndugu yake Nazim anataka kutoroka kwa mtumbwi arudi kwao kwa bahari. Hao wawili wakizungumza usiku kambini wasisikike kwa Kifaransa. Waseme lugha ya Nzwani, ambayo wengi wetu humu tukiisikiliza kwa utulivu tutashika nusu yake bila maandishi ya chini.

Baba mdogo alitia nanga Mutsamudu mara nyingi. Alikuwa akituletea mafuta ya langilangi kwa ajili ya mama zetu, na alikuwa na marafiki pale aliowaita kwa majina mpaka anakufa. Nimepekua sanduku lile la bati mara mbili baada ya msiba. Monte Cristo bado kimo, kurasa za gereza zimelegea. Georges hakikuwemo.